Mlio wa Nyundo Mavumbini

Reli haikaliwi saa sita mchana. Nawaambia hilo kwanza, nyinyi vijana mnaopenda kupiga picha juu ya kila chuma mnachokikuta kimelala. Mimi niliikalia, juma langu la kwanza kazini, nikainuka nimeacha kipande cha suruali pale, na kwa siku nne nikala chakula nimesimama kama punda. Wenzangu walicheka mpaka wakakohoa. Nyapara wetu, Mutisya, hakucheka. Alinipa samli ya kujipaka, akasema, "Omari, ukitaka kujua chuma kina moto kiasi gani, kiguse kwa mgongo wa mkono. Mgongo ukiungua, kiganja bado kitashika nyundo."

Mutisya alikuwa Mkamba wa bara, Mkristo wa kusali kila Jumapili hata pasipokuwa na padri, na kazi yote ninayoijua alinifundisha yeye. Mimi ni Mdigo wa Msambweni. Kwetu hata msumari wa reli hakuna. Vijana wanaokuja kuchaji simu katika duka la binti yangu pale Kona ya Musa huniuliza, "Babu, reli gani hiyo? Ile mpya?" Nawajibu kuwa ni ile ya zamani, ile nyembamba, iliyokuwa ikikata nyika ya Taru huko juu kabisa ya Kwale hii hii yetu, mahali ambapo mvua isipokuja watu husahau harufu yake, na ikija huja kwa hasira.

Kituo chetu tulikiita Mavumbini. Msikitafute kwenye simu zenu, hakimo. Palikuwa na stesheni ya mawe, tangi la maji juu ya nguzo za chuma, nyumba za wafanyakazi mistari miwili, msikiti mdogo, kanisa dogo zaidi, na duka moja lililouza kila kitu isipokuwa ulichokuwa unakitaka siku hiyo. Maji yaliletwa na treni. Hilo mlishike, kwa sababu mji unaonyweshwa na treni hufa siku treni inapokoma.

Genge letu lilikuwa la watu wanane. Kila asubuhi mmoja wetu alitembea kipande chetu chote, kwenda na kurudi, akiwa na nyundo ya mpini mrefu begani, spana, bendera nyekundu na ya kijani. Anakaza nati zilizolegea, anarudisha kabari zilizotoka, na anagonga reli asikilize. Reli nzima hujibu kwa sauti ndefu inayokimbia mbele yako. Yenye ufa hujibu kifupi, kama kikombe kilichopasuka. Mwanzoni nilikuwa nagonga kwa nguvu zangu zote, nikidhani kazi ni kupiga. Mutisya akaniambia, "Unaipiga kama imekuibia mbuzi. Igonge kama unabisha hodi. Halafu nyamaza, ungoje mwenye nyumba ajibu."

Na kila mtu ana mkono wake. Mutisya aliweza kukaa kwenye kivuli cha stesheni, akasikiliza kwa mbali, akakwambia nani anatembea leo. Mimi niligonga ovyo. Mwero, mwenzangu wa chumba kimoja, kijana wa Kikoneni, aligonga mara tatu za haraka, akapumzika, kisha akagonga moja. Tatu, kimya, moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema tatu ni za reli na ile moja ni yake mwenyewe, ya kujipa moyo.

Sasa nawarusha mbele, mpaka mwaka jana.

Nilikuwa nimekaa nje ya duka, akaja mwanamke wa makamo katika sare ya hoteli. Alikuwa Ndanu, binti wa Mutisya. Nilimjua tangu akibebwa mgongoni pale Mavumbini. Siku hizi anafanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani.

"Shikamoo, mzee Omari."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"

Akakaa bila kukaribishwa, nikajua kuna jambo. "Baba bado yuko kule," akasema. "Watu wote washahama, yeye amegoma. Macho yanakwisha. Nimeenda mara tatu kumchukua, ananiambia ana kazi haijaisha. Kazi gani jamani? Hakuna treni! Nimemwambia, baba, utakufa huku na hakuna mtu atajua. Anasema, 'Ndiyo maana sitoki.' Sasa hayo ni maneno ya mtu mzima?"

Mimi nilijua ni kazi gani.

"Wewe atakusikia," akasema Ndanu. "Huwa anakutaja. Wewe na huyo mwingine, Mwero."

Sikuwa nimelisikia jina hilo kwa mdomo wa mtu kwa miaka mingi. Nikamwambia nitakwenda.

Nilipita Kwale na Kinango, nikalala Samburu kwa jamaa, na asubuhi nikachukua bodaboda tukafuata njia ya zamani ya mafundi kando ya reli. Kwa mwendo mrefu hatukukutana na mtu wala mnyama. Mwenye pikipiki alikuwa mzungumzaji sana tulipoanza safari. Kadiri tulivyokwenda alipunguza maneno, na tulipoliona tangi la Mavumbini akanyamaza kabisa. Alinishusha kabla hatujafika nyumba ya kwanza.

"Mzee, utanipigia simu nikufuate kesho," akasema. "Lakini nitakungojea hapa hapa. Ndani siingii."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," akajibu, na alikuwa ameshageuza pikipiki.

Nimetembea katika makaburi na nimetembea katika magofu. Mji uliohamwa na watu bado hai ni kitu kingine. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimesimama, milango imefungwa kwa kufuli, kila mlango na kufuli lake. Nikachungulia juu: mapaa hayakuwepo. Mabati yalikuwa yameondolewa yote. Watu walikuwa wamebeba paa, kisha wakafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Ndani ya chumba nilichokuwa nikilala na Mwero jua lilikuwa limejaa mpaka kwenye pembe. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa bado imefungwa ukutani, na vibanio vitatu juu yake.

Mchanga ulikuwa umepanda jukwaa la stesheni hadi kwenye dirisha la tiketi. Nyuma ya dirisha, pale alipokuwa akisimama karani, alikuwa amesimama mbuzi mweupe. Alinitazama kama anayengoja niseme ninakwenda wapi. Nilicheka peke yangu, na sauti yangu ikagonga ukuta ikanirudia. Sikucheka tena.

Mwenye mbuzi alikuwa Bi Kadzo, mama wa Kiduruma ambaye zamani alituuzia maziwa. Alikuwa kwenye kizingiti chake akipepeta mtama kidogo sana. Tukasalimiana, tukaulizana habari za waliokufa na waliohama. Alisema wamebaki watu wawili tu, yeye na Mutisya. Maji anayafuata mwendo wa asubuhi nzima na punda.

"Umekuja kumchukua?" akaniuliza.

"Inshallah."

"Basi mchukue kabla ya saa sita. Mimi saa sita huingia ndani nikafunga mlango." Akaendelea kupepeta. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe ulifanya kazi hapa. Utasikia mwenyewe."

Mutisya alikuwa ndani ya chumba cha nyapara, mwisho wa jukwaa. Chumba hicho kilikuwa na paa. Sakafu ilikuwa imefagiwa, bendera mbili zimekunjwa kwenye rafu, nyundo zimepangwa ukutani kwa urefu, kama zamani. Alikuwa amevaa koti lile la kazi la buluu, limekuwa jeupe mabegani. Nilisema shikamoo. Aligeuza uso wake upande wangu, macho yamefunikwa na ukungu, akasema, "Marahaba, Omari. Umechelewa kuripoti."

Nilifikiri amechanganyikiwa. Kisha akatabasamu, nikajua ni mzaha wake ule ule.

Juu ya meza kulikuwa na kitabu cha njia, kile kikubwa cha jalada gumu. Mlinzi wa njia alipotoka asubuhi, jina lake liliandikwa hapo, na saa ya kutoka. Akirudi, iliandikwa saa ya kurudi. Nyapara hakuruhusiwa kufunga ukurasa kabla kila mtu hajarudi. Kitabu kilikuwa wazi, karatasi imekuwa na rangi ya chai. Nilisoma mstari wa mwisho. *Mwero. Ametoka saa moja na nusu.* Mbele yake palikuwa patupu.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo nimelificha kwa zaidi ya miaka thelathini.

Siku ile zamu haikuwa ya Mwero. Ilikuwa yangu. Nilikuwa na ahadi Mombasa na msichana mmoja, ambaye leo ndiye bibi yenu, na treni ya mizigo ilikuwa inapita asubuhi hiyo. Nikabandika kipaji cha uso kwenye birika la chai lililokuwa jikoni, nikavumilia mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaenda kwa Mutisya nikitetemeka. Akanigusa kipaji kwa mgongo wa mkono. Akasema, "Panda treni ya mizigo, uende hospitali." Akamwamsha Mwero, ambaye ilikuwa siku yake ya mapumziko, akatembee badala yangu. Mwero alifunga viatu vyake huku akinikonyeza. Yeye alijua. Akaninong'oneza, "Msalimie huyo homa."

Sikumwona tena. Alasiri ya siku ile ikashuka mvua ambayo hata wazee wa Kiduruma waliizungumza kwa muda mrefu. Mimi niliitazama kutoka barazani kwa wakwe zangu wa baadaye, nikinywa sharubati. Niliporudi baada ya siku tatu, genge zima lilikuwa porini likimtafuta. Nyayo zilikuwa zimefutwa na maji. Makalvati, ile mifereji ya zege ipitayo chini ya reli, yote yalikuwa yameziba kwa mchanga. Tulidhani simba, kisha tukadhani amepotea njia. Halafu dereva mmoja wa lori akasema amemwona Lunga Lunga, akivuka mpaka kwenda Tanzania na mwanamke. Habari hiyo ikapendwa na watu. Ilikuwa nyepesi kubeba kuliko nyingine. Mkewe Mwero, Bi Mwanamisi, alitolewa maneno Kikoneni nzima kuwa ameshindwa kumkalisha mume, na binti yao shuleni akaitwa mtoto wa mtoro.

Mimi nilinyamaza. Ningesema homa yangu ilikuwa ya uongo, ningefukuzwa kazi, na harusi yangu ilikuwa karibu. Nikajiambia nitasema baadaye. Vijana, hiyo baadaye ina miguu mirefu sana.

Sasa turudi mezani. Nilikaa mbele ya Mutisya, nikamweleza Ndanu anavyohangaika. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Nikiondoka, atamkuta nani?"

"Nani, mzee?"

"Mwero. Mtu akirudi kutoka njiani lazima akute nyapara wake."

"Mzee, Mwero hawezi kurudi."

"Hawezi," akakubali. "Lakini anagonga." Akapapasa saa yake ya mkononi, isiyo na kioo, akagusa mishale kwa kidole. "Ngoja. Huanza saa sita na robo."

Nilitaka kumbishia. Nje jua lilikuwa limesimama wima, hakuna kivuli hata cha upana wa kiganja. Nikamsikia Bi Kadzo akifunga mlango wake kwa komeo. Yule mbuzi mweupe hakuwepo tena stesheni, sikuona alikokwenda. Upepo ulikoma. Kisha, kutoka upande wa magharibi, ambako reli inaingia kwenye mkato wa ardhi nyekundu, nikasikia chuma.

Mara tatu, za haraka. Kimya. Mara moja.

Mimi ni fundi wa njia. Najua chuma kinavyolia kikipata joto. Reli ikitanuka na nati zake hazipo, hugonga ncha ya mwenzake, na sauti yake husafiri mbali. Nilimwambia Mutisya hivyo, haraka haraka, kama mtu anayesoma dua. Akanijibu kwa upole, "Nilikufundisha mimi hayo, Omari. Chuma hulia. Lakini chuma hakihesabu."

Ikaja tena. Tatu. Kimya. Moja.

"Imeanza lini hii?" nikauliza.

"Tangu mvua za mwaka huu. Kabla ya hapo nilikuwa nangoja tu bila kusikia chochote. Nimejaribu kuifuata, lakini macho yangu hayanifikishi. Nilimwomba Bi Kadzo anishike mkono, akakataa." Akasimama, akachukua nyundo yake ukutani bila kupapasa. "Wewe una macho."

Nilikuwa na hiari ya kukataa. Ningesema joto litatuua, twende jioni. Lakini mbele yangu alikuwa mzee wa miaka themanini na ushei, amevaa koti la kazi, ananyosha mkono nimshike. Nikaushika.

Tulitembea juu ya mataruma, ile mihimili ya kulalia reli, hatua fupi fupi. Reli zilikuwa na kutu, majani makavu yametokeza katikati. Kila tulipotaka kusimama, sauti ilikuja mbele yetu, wala haikukaribia wala haikuwa mbali. Tulipoingia kwenye mkato, kuta za udongo pande zote mbili zikatufunika, na sauti ikawa kama inatoka chini ya miguu yetu. Niliisikia kwenye magoti. Mutisya alikuwa akihesabu kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayehesabu watu wake wakishuka kwenye treni.

Mwisho wa mkato palikuwa na kalvati. Wezi wa vyuma vikuukuu walikuwa wamekwishapita hapo: reli za upande wa pili zilikuwa zimeng'olewa, mataruma yamebaki kama meno. Reli moja ilikuwa imening'inia juu ya shimo, imelegea, ncha yake ikigusa zege. Nikasema, "Hii hapa, mzee. Ndiyo inayogonga." Nilijisikia mwepesi. Nikaiwekea mkono, kwa mgongo kama nilivyofunzwa. Ilikuwa ya moto na imetulia tuli. Tulisimama pale kwa muda mrefu. Haikulia tena. Na mpaka leo, Bi Kadzo ananiambia, haijalia.

"Tazama chini," akasema Mutisya.

Mvua za mwaka huo zilikuwa zimekula ukingo na kuuzoa mchanga uliokuwa umeziba kalvati tangu siku ile. Nikateremka kwa makalio. Ndani kulikuwa na kivuli na ubaridi, ubaridi usiofaa kuwa pale. Nilichokiona kwanza ni mpini wa nyundo, umetokeza kwenye mchanga kama mtu ameuegemeza kwa muda.

Nilifukua kwa mikono. Sitawaeleza kila kitu. Alikuwa amelala ubavu, miguu imekunjwa, kama anavyolala mtu aliyeingia kivulini kungoja jua lipoe au mvua ipite. Mutisya ndiye aliyetufundisha kupumzika ndani ya makalvati. Chini ya mkono wake ulikuwepo mkoba wa kazi, na ndani ya mkoba kitu kilichofungwa kwa nailoni mara nyingi. Nikafungua kidogo. Ilikuwa leso ya kike, nyekundu, nyeusi na nyeupe, mikunjo yake ya dukani haijafunguliwa. Chumbani kwetu kulikuwa na panya, ndiyo maana alitembea nayo. Na shingoni, kwenye kamba ya waya, kulikuwa na kibati cha shaba.

Nikamtajia Mutisya vitu hivyo kimoja kimoja. Nilipotaja kibati, akasema, "Nipe." Akakisugua kwa kidole gumba mpaka akaisoma namba kwa ngozi. Mwisho wa kipande chetu palikuwa na nguzo, na kibati kikitundikwa hapo. Mlinzi wa njia alikichukua ili kuonyesha kuwa kweli amefika. "Alifika mwisho," akasema Mutisya. "Alikuwa anarudi. Alimaliza kazi."

Hapo, nimepiga magoti kwenye mchanga, nikamwambia. Nilimwambia birika, msichana, sharubati, yote. Nilipomaliza sikuthubutu kuinua uso.

"Ulikuwa na masizi kwenye kipaji," akasema Mutisya.

Nilimtazama.

"Masizi ya birika. Nilikuona ulipokuja. Nilijua huumwi."

"Sasa kwa nini uliniruhusu?"

"Kwa sababu mtu asiyetaka kutembea haoni ufa. Nilikuwa na treni ya abiria mchana ule. Nikamtuma anayeona." Akakaa ukingoni, miguu yake ikining'inia juu yetu sisi wawili, mimi na Mwero. "Wewe ulidanganya. Mimi niliamua. Tusigombanie."

Tukarudi polepole. Bi Kadzo alitufungulia mlango, akatutazama nyuso, akatupa maji bila kuuliza. Kisha Mutisya akaniongoza chumbani kwake, akachovya kalamu, akaniomba nimwekee mkono kwenye mstari. Herufi zake zilikwenda upande, lakini zinasomeka. Pale palipokuwa patupu aliandika, *Amerudi.* Akafunga kitabu. Akavua koti, akalitundika, akasema niite pikipiki.

Mwenye bodaboda alitukuta njiani pamoja na mwenzake mwenye pikipiki ya pili, tukafika Samburu wote. Nilipiga ripoti kwa chifu. Polisi walikuja, wakaandika, wakachukua walichotakiwa kuchukua, na baada ya majuma kadhaa tukaruhusiwa kumzika Kikoneni. Mutisya siku hizi anakaa kwa Ndanu, Ukunda, analalamika kuwa kuna kelele za tuktuk. Bi Kadzo alikataa kuhama. Anasema sasa ndipo kumekuwa na utulivu wa kuishi.

Lakini kabla ya mazishi palikuwa na safari moja zaidi, na hiyo ndiyo niliyoiogopa kuliko kalvati. Nilimweleza mke wangu usiku ule ule niliofika nyumbani. Akasema, "Ulinioa juu ya mgongo wa mtu, Omari. Nenda kamwambie mkewe." Hakunipikia kwa siku mbili, na sikudai.

Bi Mwanamisi, mke wa Mwero, anaishi Lunga Lunga. Alihamia huko mwaka ule ule watu waliposema mumewe amevuka mpaka. Ana kibanda cha chai na mahamri karibu na pale malori yanapopanga foleni. Watu hudhani alifuata biashara. Nilipokuwa nimesimama kwa mbali nikitafuta ujasiri, nilimwona akimimina chai, na kila alipopita mwanamume wa umri wangu kutoka upande wa Tanzania, Bi Mwanamisi alisita kidogo, akamtazama yule mtu usoni, kisha akaendelea kumimina.

"Shemeji Omari!" akasema aliponitambua. "Karibu. Ni miaka mingapi?"

Nilikaa kwenye benchi. Nikamwambia yote kwa utaratibu, sikujipunguzia. Hakulia. Alipoisikia habari ya mkoba akaniuliza, "Leso ya namna gani?"

"Nyekundu, na nyeusi, na nyeupe."

"Kisutu," akasema, akiitaja leso ile ya maharusi. "Nilimwagiza kisutu. Nilimwambia asirudi bila kisutu." Akaliweka birika chini. "Na wewe ulijua siku zote kuwa hakukimbia."

"Sikujua alipo. Lakini nilijua hakuwa mtu wa kukimbia. Na nilijua zamu ilikuwa yangu."

"Binti yangu ameolewa bila walii wa kumwoza wa upande wa baba yake, Omari, kwa sababu ndugu zake waliona haya kuja." Akasimama, akajifunga leso kiunoni vizuri, akawaita kwa sauti wanawake wa vibanda vya jirani. Wakaja, mikono imejaa unga. "Huyu," akawaambia, "alifanya kazi na mume wangu. Ana maneno. Sema tena, Omari. Sema kama ulivyoniambia mimi."

Nikasema tena. Mbele ya wale wanawake, na matingo wawili wa malori waliosogea kusikiliza, na askari mmoja wa mpakani, nikasema jina la Mwero, na zamu, na birika, na kalvati, na kibati, na kisutu. Nilipofika kwenye neno "alikuwa anarudi", Bi Mwanamisi aliinua mkono nikome hapo.

Dereva mmoja wa lori, ambaye hakuwa amesikia lolote, akaja akaweka kikombe chake juu ya meza, akasema, "Mama, chai ya rangi."

Bi Mwanamisi akamwaga maji kwenye makaa. Moshi ukapanda kati yetu. Akakichukua kile kikombe, akakigeuza kinywa chini juu ya meza.

"Nenda kwa jirani, baba," akasema. "Mimi leo nimefiwa na mume wangu."